Senta Beringi na Mteremko wa Soni

Mzigo mkubwa wa Usambara siku zote hushuka. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins na Wiese ilipokuwa ikivuna mitarakwa ya Shume, mbao ziliteremshwa kwa kamba ya chuma iliyojengwa na Bleichert wa Leipzig hadi stesheni ya Mkumbara, kando ya reli iliyokuwa imefika Mombo mwaka 1905. Siku hizi kinachoshuka ni kabichi, karoti, viazi, hoho, nyanya na plamu kutoka Lukozi, Malindi, Mlalo na Soni, na kazi hiyo hufanywa na Fuso, Canter na Isuzu. Magari haya hupanda na saruji, mbolea, soda na sabuni, au hupanda matupu. Yanaposhuka yamejaa hadi juu ya bodi. Ndiyo maana senta beringi ya propela, kipuri ambacho kwingine huzungumzwa gereji na kusahaulika, huku milimani inastahili kujadiliwa kwa kirefu: gari la Lushoto hubeba uzito wake mkubwa wakati linateremka.

Propela ni shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye difu, na katika lori lenye chesisi ndefu haiwezi kuwa kipande kimoja. Shafti ndefu ikizunguka kwa kasi hujipinda na kuanza kuchapa. Kwa hiyo hugawanywa vipande viwili, wakati mwingine vitatu, na pale vinapokutana hushikiliwa na beringi iliyozungukwa na mpira mnene, ndani ya braketi ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi: hiyo ndiyo senta beringi. Beringi inaruhusu shafti izunguke. Mpira unameza mtikisiko usifike kwenye chesisi. Katika gia ambayo shafti inazunguka sawa na injini, mizunguko 2,000 kwa dakika maana yake ni mizunguko 120,000 kwa saa. Katika gia ya kwanza mizunguko inapungua, lakini nguvu ya kusokota inayopita hapo inaongezeka mara tano au zaidi. Mombo hadi Soni kipuri hiki hufanya kazi ya aina moja, na Segera hadi Chalinze hufanya ya aina nyingine kabisa, ndani ya safari hiyo hiyo.

Dereva mzoefu huujua ugonjwa kabla ya fundi. Gari likiondoka na mzigo, sakafu ya kebini inatetemeka kisha inatulia. Barabara ikinyooka unasikika mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na hauondoki hata ukikanyaga klachi gari likiwa bado linatembea. Ukiiachia klachi, chini panagonga mara moja. Utingo akiingia uvunguni anakuta mpira umechanika nusu duara, au unga mweusi wa raba umelala juu ya braketi, au grisi imerushwa kwa mstari mmoja juu ya chesisi, sawasawa na mahali beringi inapozungukia. Huo mstari wa grisi ni ushahidi tosha. Sili imeshafunguka, na kilichoweza kutoka kinaweza pia kupokea maji.

Kwa kawaida hapo ndipo simu hupigwa.

"Tajiri, senta beringi inalia."

"Inalia tu au imekufa?"

"Bado inatembea."

"Basi shusha kwanza huo mzigo, tutaangalia Dar."

Naelewa hesabu inayolazimisha jibu hilo. Mzigo umeshapakiwa, mteja anasubiri sokoni, na plamu haina subira. Lakini jibu hilo linachukulia kwamba senta beringi ni kipuri cha kuendesha gari tu, kwamba ikifa gari litasimama kando ya barabara na fundi ataitwa. Kwenye tambarare mara nyingi huwa hivyo. Kwenye mteremko wa Soni propela ni sehemu ya breki.

Lushoto iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo kwenye mita kama 400. Kati yake, kwa kupitia Soni, ni kilometa 33 hivi za kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Lori lenye uzito wa tani 10, gari na mzigo pamoja, likishuka mita 1,000 lazima liachie nishati ya takribani kilowati-saa 27. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 280 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Joto lote hilo likiachiwa breki za magurudumu peke yake, ngoma zinaungua na breki zinakufa. Kwa sababu hiyo dereva huingiza gia ndogo, akatumia injini na egzosti breki kulizuia gari. Na injini inalizuia gari kupitia njia moja tu: magurudumu, difu, propela, gia boksi. Propela ikikatika au ikichomoka, egzosti breki inabaki kuizuia injini ambayo haina tena uhusiano na magurudumu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wanaopanda magari haya hawalijui. Breki ya mkono ya Canter na Isuzu nyingi za zamani haishiki magurudumu. Ni ngoma iliyofungwa nyuma ya gia boksi, na inachokishika ni propela. Shafti ikishaachana na difu, dereva anayevuta handibreki anakishika kipande cha chuma kinachoning'inia. Tena shafti inayochapa huku na huku uvunguni inaweza kukata mabomba ya breki za miguu. Beringi moja, ikiachwa hadi mpira umalizike na kros, yaani viungo vya msalaba vya shafti, zivunjike, inaweza kumnyang'anya dereva njia zote tatu za kusimamisha gari kwa wakati mmoja.

Swali linalofuata ni kwa nini beringi zinakufa mapema. Wenye magari wengi hulaumu spea feki, na spea feki zipo kweli. Ila sababu kubwa zaidi ilishagunduliwa zamani, mbali na hapa. Sven Wingquist alikuwa mhandisi wa matengenezo katika kiwanda cha nguo mjini Gothenburg, Uswidi. Kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi unaotitia, na kila jengo liliposogea kidogo, shafti zilizoendesha mitambo zilipoteza mnyooko na beringi zikafa. Kubadilisha beringi mpya hakukumsaidia, kwa kuwa ya pili ilikufa kama ya kwanza. Mwaka 1907 alibuni beringi inayoweza kujirekebisha shafti inapoinama, na mwaka huo huo ikaanzishwa kampuni ya SKF. Alichokiona Wingquist ndicho kilichopo chini ya malori yetu: beringi inauawa na shafti isiyonyooka, na aliyeshughulikia beringi peke yake amejiandalia safari nyingine ya dukani.

Propela ya lori inapotezaje mnyooko wake? Anza na kros. Kros moja inapofanya kazi kwa pembe, hata injini izunguke kwa utulivu, upande wa pili wa shafti unaharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Robert Hooke wa Uingereza alilieleza jambo hili katika karne ya 17. Dawa yake ni kros ya pili kwenye shafti hiyo hiyo, iliyopangwa ili masikio ya ncha mbili yaelekee upande mmoja, makosa ya moja yafutwe na nyingine. Fundi akiichomoa shafti kwenye meno yake bila kuweka alama, akairudisha imeruka jino moja au mawili, mfutano huo unaharibika. Gari litatembea, ila litatetemeka, na mtikisiko huo utatua kwenye mpira wa senta beringi.

Halafu kuna spring. Magari mengi yanayobeba mboga yameongezwa majani ya spring nyuma ili bodi isilale. Kuongeza majani kunainua chesisi na kubadilisha pembe ya shafti ya nyuma. Gari likiwa tupu linakaa juu kupita lilivyoundwa, likipakiwa linakaa chini, na kros zinafanya kazi kwenye pembe ambazo mtengenezaji hakuzikusudia. Lumbesa inazidisha tatizo. Gunia lililoshonwa na kichwa cha ziada humwibia mkulima, na hilo limesemwa sana. Ambalo halisemwi ni kwamba linamnyima dereva hesabu ya uzito wake. Anajua idadi ya magunia, hajui kilo. Mizani ya barabara kuu ataikuta akishamaliza kuteremka mlima.

Mwisho ni maji na udongo. Barabara za ndani za kwenda Mlalo, Mtae na Rangwi wakati wa masika huvika uvungu wote wa gari udongo mwekundu unaonata. Kuosha ni kuzuri, ila bomba la maji yenye msukumo mkali likielekezwa moja kwa moja kwenye sili ya beringi linasukuma ndani kile kile kilichokuwa kimezuiliwa nje. Beringi nyingi za katikati zimefungwa na haziongezwi grisi. Zinazotaka grisi ni kros zenye chuchu zake, na hizo ndizo husahauliwa.

Sasa njia za kubadilisha. Ninavyoona zipo tatu, na hazilingani.

Ya kwanza ni ya barabarani. Mpira umechanika, duka liko mbali, fundi anakata vipande vya raba ya tairi kuukuu, anavipachika kati ya beringi na braketi, anakaza kwa waya au mipira ya tyubu. Sitaidharau, imewarudisha wengi nyumbani. Lakini raba ya tairi ni ngumu mno kumeza mtikisiko, na haiwezi kuiweka shafti katikati kwa usahihi. Inafaa kulitoa gari tupu Malindi hadi Lushoto mjini kwa mwendo wa pole. Kuteremka nayo Soni na tani kadhaa za viazi ni kosa, na fundi anayejua kazi atalisema hilo kwa mdomo wake.

Ya pili ni kubadilisha beringi tupu na kuacha mpira na braketi vya zamani. Ni rahisi kwa bei, na inawezekana pale mpira ukiwa mzima kabisa. Tatizo ni kwamba beringi hukaa kwenye mpira kwa kubanwa. Ikigongwa kuingizwa, mpira uliokwisha kukauka hupasuka ndani ambako jicho halifiki.

Ya tatu ni kubadilisha kitu kizima: beringi, mpira na braketi. Kwa gari la mteremko sioni sababu ya kwenda chini ya hapo, ila ifanywe kwa utaratibu. Gari lisimame mahali tambarare. Magogo au mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu kabla boliti yoyote haijaguswa, kwa kuwa propela ikitoka, breki ya mkono imetoka nayo. Fundi apige alama za rangi au tindo kila mahali vipande vinapoungana. Afungue upande wa difu, ashushe shafti ya nyuma, kisha boliti za braketi, na hapa awe macho: mara nyingi kati ya braketi na chesisi kuna vibati vyembamba. Vibati hivyo ndivyo vinavyoweka pembe ya shafti. Nimeona vikipigwa teke na kufunikwa na vumbi la gereji kana kwamba ni washa za kawaida. Vihesabiwe, na kila kimoja kirudi upande wake.

Nati kubwa ya katikati imekazwa sana na ukingo wake umepigwa tindo ili isilegee. Kama ipo mpya, afadhali mpya. Beringi itolewe kwa pula. Moto wa gesi unaharibu ugumu wa chuma cha shafti, na nyundo inakunja masikio ya kros. Ikitoka, mafuta ya taa na kitambaa, kisha kidole kipite taratibu juu ya kikalio chake kwenye shafti. Kikiwa laini na beringi mpya inaingia kwa kubana, endelea. Kikiwa na mfereji, pete ya ndani ya beringi ilikuwa inazunguka juu ya shafti, na beringi yoyote mpya itafanya vivyo hivyo. Wapo wanaopiga nukta nyingi za tindo ili kikalio kivimbe. Nukta hizo husagika upesi, beringi ikaanza tena kucheza. Dawa ni kwenda kwa mkerezaji, kikalio kijazwe kwa weldingi na kukerezwa hadi kipimo, au kipande cha shafti kibadilishwe, na shafti ikapimwe balansi.

Kuingiza beringi mpya ni kazi ya presi. Pasipo presi, tumia bomba linalokaa juu ya pete ya ndani peke yake. Ukiigonga pete ya nje, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinaacha vishimo vidogo kwenye njia zake, na beringi inatoka gereji ikiwa imeshaanza kufa. Mwisho kabisa, boliti za braketi zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Gari lishushwe likae kwa magurudumu yake, shafti izungushwe mpira ujipate bila kujisokota, ndipo zikazwe. Baada ya safari ya kwanza zikazwe tena.

Dukani, jifunze kusoma namba. Beringi nyingi za gololi zina namba iliyochorwa ubavuni, na kuanzia 04 tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu kwa milimita. 6206 ni milimita 30, 6208 ni milimita 40. Herufi 2RS zinasema ina sili za mpira pande zote mbili. Za katikati ya propela wakati mwingine hubeba namba maalumu za mtengenezaji wa gari, kwa hiyo nenda na ya zamani mkononi na upime. Kuhusu mtumba wa Japani, braketi na shafti za mtumba naziamini kuliko nakala mbovu mpya. Beringi ya mtumba siiamini, kwa kuwa hakuna awezaye kuona mizunguko iliyokwisha kutumika. Na mpira wa mtumba umezeeka hata kama haujatembea.

Tufike kwenye gharama. Bei ya senta beringi yenyewe hupanda na kushuka pamoja na dola, na hutofautiana Kariakoo, Korogwe na Lushoto. Lakini katika bili nzima kwa kawaida ni fungu dogo. Lingine ni kazi ya fundi. Lingine ni kros, ambazo mara nyingi zikikaguliwa zinakutwa zinacheza. Lingine ni mkerezaji, kama kikalio kimeliwa. Spea isipopatikana mjini, inatumwa na basi kutoka Tanga au Dar es Salaam, na gari linalala kuisubiri. Hayo yote ni ya mwenye gari, na anaweza kuyapanga kwa siku aliyoichagua mwenyewe, gari likiwa tupu.

Beringi ikichagua siku yenyewe, hesabu inakuwa nyingine. Kunakuwa na kuvutwa, kuhamisha mzigo kwenye gari jingine kwa bei ya mwenye shida, gia boksi iliyopasuka mkia, na mzigo wenyewe. Hapo anayelipa si tajiri peke yake. Mboga nyingi huondoka Lushoto kwa mali kauli: mkulima anampa mchuuzi, analipwa baada ya kuuzwa. Nyanya zikilala siku mbili kwenye kona ya Soni zikaanza kuvuja, mchuuzi atarudi na maelezo, na mama aliyepalilia jaruba lake huko Lukozi ndiye atakayeishia na hasara. Hana hisa katika lori, hana sauti juu ya lini litengenezwe, na katika mnyororo mzima hakuna mwenye uwezo mdogo kuliko yeye wa kuibeba hasara hiyo. Ninapotetea matengenezo ya mapema, namtetea yeye kwanza.

Wenye boti za Tanga na Pangani wana la kutufunza hapa. Boti yenye injini nayo ina shafti ya propela, na beringi yake ya mwisho inakaa ndani ya maji ya bahari, ikilainishwa na maji hayo hayo. Zamani ilitengenezwa kwa mti mgumu wa Amerika wenye mafuta yake ya asili. Katika miaka ya 1920 mhandisi wa migodi wa Marekani, Charles Sherwood, aliona kwamba kipande cha mpira kilidumu kuliko chuma kwenye pampu yenye mchanga, na tangu hapo beringi za mpira zenye mifereji ya maji zikaenea. Kuibadilisha kuna njia mbili: kuchomoa shafti yote, au kuivuta beringi kwa pula maalumu shafti ikiwa mahali pake. Lakini kazi kubwa ni kuitoa boti majini. Aliyezoea hungoja bamvua, maji yakitoka boti ikae juu ya mchanga, na akishaipata nchi kavu anafanya yote: anakwangua, anapaka rangi, anabadilisha beringi hata kama bado ina nafasi, na anapima kama injini na shafti vimenyooka. Hangoji beringi ife, kwa kuwa anajua kupanda pwani mara ya pili kutamgharimu kuliko beringi.

Lori lina bamvua lake pia. Klachi ikibadilishwa, au gia boksi ikishushwa, propela lazima itoke, na kazi ya kuifungua imeshalipiwa. Kuirudisha na senta beringi ya zamani ili kuokoa bei ya kipuri kimoja ni ubahili unaomgeukia mwenyewe. Vivyo hivyo kros: fundi akiwa na shafti mezani, kuzikunja kwa mkono kila upande na kusikiliza kama zinakwama ni kazi ya dakika chache.

Kwa wenye magari ya Lushoto na Bumbuli, ombi langu ni moja na linatekelezeka wiki hii. Mpeni dereva mamlaka ya kukataa kushuka. Akisema senta beringi inalia, asiulizwe kama gari bado linatembea. Aingie utingo uvunguni na tochi, autazame mpira na mstari wa grisi, na kama kimojawapo kipo, mzigo uhamishwe gari likiwa bado juu Lushoto, mahali tambarare, mafundi wakiwa karibu na magunia yakiwa hayajaanza kuoza. Na askari wa usalama barabarani wanaokagua magari ya mlimani, pamoja na matairi na taa, waombe taarifa ya propela na wainame waitazame. Inaonekana bila kufungua boliti hata moja.